Usiseme ni Uzee Tu

Skimu zetu zimezeeka. Sisemi mashamba, maana udongo ukitunzwa hauzeeki upesi, nasema watu. Mpango wa kuwagawia wananchi mashamba ya walowezi ulianza mwaka 1962, na wale waliokuja Ndalu, Tongaren na Naitiri siku zile wakiwa vijana wa miaka 25, leo wamekaribia miaka 90, kama wangali hai. Watoto waliowazaa humo katika miaka ya kwanza nao wamefika 60, na Katiba yetu ya mwaka 2010 humhesabu mtu aliyepita 60 kuwa mzee. Basi katika maboma mengi kati ya Kitale na Bungoma wamo wazee wa vizazi viwili, baba na mwana, na wote wawili wanatazamwa na mke wa mjukuu mmoja.

Mimi ni karani katika ofisi ya kilimo, si daktari. Kazi yangu ni kuandika majina ya wakulima, kupokea habari za mbolea na kujibu maswali. Lakini mtu akikaa mezani pale miaka kadha wa kadha huona mambo. Humwona mzee aliyekuwa akija kwa baiskeli, sasa analetwa kwa pikipiki na kushikwa mkono mpaka kwenye benchi. Ukimwuliza ana nini, anayekujibu si yeye bali ni mjukuu, naye husema, "Ni uzee tu." Maneno hayo matatu ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Mimi naona maneno hayo yanaua watu. Uzee hupunguza nguvu, hukunja ngozi na kuzifanya nywele nyeupe. Lakini uzee peke yake haupoozeshi mkono mmoja na kuuacha wa pili. Hautii kidonda mguuni kisichopona miezi sita. Hauzimi macho. Hayo ni magonjwa, yana majina yake, na mengi yao yakitunzwa humwacha mtu akiendelea na kazi zake. Nasema yakitunzwa, sisemi yakiponywa, na hapo ndipo tunapokosea.

Alikuja ofisini mzee mmoja wa upande wa Tongaren kuuliza habari za mbolea, akiwa na daftari lake kwapani. Ndani ameandika kila ng'ombe kwa jina: siku aliyozaliwa, siku aliyopandishwa, siku za kuogeshwa, maziwa ya asubuhi na ya jioni. Nilisomea ualimu, nimesahihisha madaftari mengi, lakini safi kama lile sijaliona. Nikaona analifungua kwa mkono mmoja. Nilipomwuliza, alisema kwamba miaka mitatu nyuma aliambiwa ana presha, akapewa vidonge vya mwezi mmoja, akavimaliza, akajiona hana neno, akaacha. Kisha asubuhi moja alipokuwa akikamua, ndoo ilimponyoka na mdomo ukaenda upande.

Nikamwambia, "Mzee, uniwie radhi nikikuuliza. Ng'ombe ukimwogesha leo, na wiki ijayo ukimtazama huoni kupe hata mmoja, utaacha kumwogesha?"

Akaniangalia kama mtu anavyomwangalia mjinga. "Ndigana haingoji uione, mwanangu."

"Na presha je?"

Akanyamaza kitambo. "Hilo hakuna aliyeniambia kwa namna hiyo," akasema.

Ndugu mkulima, shinikizo la damu, ambalo sote tumezoea kuliita presha, halina tofauti na habari ya kupe. Moyo husukuma damu katika mishipa kama maji yanavyosukumwa katika mpira. Msukumo ukizidi miaka mingi, mpira huchakaa, ukapasuka au ukaziba. Likitokea kichwani, hicho ndicho kiharusi. Moyo wenyewe huchoka, na figo huharibika kimyakimya. Ubaya wa presha ni kwamba haiumi. Mtu aweza kupalilia ekari nzima na kipimo chake ni 180 juu ya 110. Kuumwa kichwa si kipimo, wala kutoumwa si salama. Katika uchunguzi wa serikali wa mwaka 2015, watu wazima karibu robo katika nchi nzima walionekana wana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajapimwa hata mara moja katika maisha yao.

Kipimo kikiwa 140 juu ya 90 au zaidi, kikarudiwa siku nyingine kikawa vilevile, mtu huyo ana presha na anahitaji matunzo ya siku zote. Vidonge vingi vya presha ni dawa za zamani wala si ghali. Viko vinavyomfanya mtu aende haja ndogo mara kwa mara, ndiyo maana huambiwa avinywe asubuhi. Wazee wengi huviacha siku ya safari ili wasipate aibu katika matatu ya kwenda Kitale, na siku za safari zikiwa nyingi, dawa imekwisha kuachwa. Mwulize daktari kama waweza kuvinywa ukisharudi nyumbani. Hilo ni swali la haki, wala hatakucheka. Chumvi nayo ipunguzwe. Mtu mzima haimfai kupita kijiko kimoja cha chai kwa siku, nayo ni chumvi yote, pamoja na ile iliyomo katika mkate na katika mchuzi. Magadi tunayotia katika mboga na maharagwe ni ndugu wa chumvi kwa jambo hili, ingawa najua kunde bila magadi mzee wa kwetu hazili kwa furaha.

Na kiharusi kikitokea, mdomo ukaenda upande, mkono ukalegea, maneno yakavurugika, usimkande kwa mafuta na kungoja kupambazuke. Usimnyweshe chai wala uji, maana huenda koo limelegea naye akapaliwa. Tafuta gari saa ile ile, hata kama ni usiku, umpeleke hospitali kubwa.

Sasa niseme jambo ambalo huenda likawaudhi wenye maduka. Magoti ya wazee wetu yamechakaa kwa jembe. Ugegedu, yaani ile mito laini kati ya mifupa, huliwa kidogo kidogo, na asubuhi mtu huinuka kitandani kama mlango uliopata kutu. Basi hupita dukani akanunua vidonge vya maumivu, vile vikali, akavinywa kila siku kama njugu. Vidonge hivyo vikinywewa mfululizo huchubua tumbo hata likatoka damu, huumiza figo, na tena hupandisha presha. Nimemjua mama mmoja aliyekuwa akinywa dawa ya presha asubuhi na dawa ya magoti jioni, kisha watu wakishangaa kwa nini kipimo hakishuki. Alikuwa akifukuza kuku kwa mkono huu na kuwaita kwa mkono ule. Dawa ya maumivu ya kawaida, paracetamol, haina ukali huo ikinywewa kwa kipimo, na kipimo chenyewe ni kutopita vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku. Lakini lililo bora kwa goti ni kulitembeza, kuupunguza uzito wa mwili kwa aliyenenepa, na kushika fimbo mkono ulio upande wa pili wa goti linalouma. Fimbo si aibu. Wazee wetu wa zamani walishika fimbo hata magoti yakiwa mazima.

Ugonjwa wa kisukari wengi hudhani ni wa watu wa mjini wanywao soda. Sivyo. Uko katika skimu, na wazee wengi wanao bila kujua. Mtu huona kiu isiyokwisha, huamka usiku kukojoa mara nyingi, hukonda ingawa anakula, na nyayo zake huwa kama zimevishwa soksi hali hana soksi. Hapo pa nyayo nataka nikae kidogo, kwa sababu sisi ni wakulima na miguu yetu hukaa topeni. Mtu wa kisukari aweza kukanyaga mwiba asubuhi asijue mpaka jioni aone damu, na kidonda kile kisipotunzwa mapema huoza, mguu ukakatwa. Kwa hiyo asiende shambani miguu mitupu. Kabla ya kuvaa gambuti atie mkono ndani, maana kijiwe kimoja au punje moja ya mahindi yatosha kumtoboa. Jioni aoshe miguu, aikaushe mpaka kati ya vidole, na mtu mwenye macho mazima amtazamie nyayo. Kazi hiyo mtoto wa shule aweza kuifanya kwa dakika mbili.

Tena liko jambo la msimu wa kupanda. Mkulima wa kisukari hunywa dawa yake alfajiri, akaenda shambani kuwahi mvua, akasema atakula mchana. Kwa wale wanaochoma sindano ya insulini, na kwa baadhi ya wanaomeza vidonge, sukari yaweza kushuka mno. Mtu hutoka jasho la baridi, hutetemeka, huongea ovyo, na wenzake hudhani amekunywa busaa asubuhi asubuhi. Kama angali anaweza kumeza, apewe sukari katika maji au chai tamu upesi, kisha chakula. Akiwa amezimia asitiwe kitu kinywani, bali apelekwe hospitali mbio. Na mwenye insulini asiye na jokofu aiweke chupa ndani ya mfuko, katika chungu cha udongo kilichowekwa mahali pa kivuli na kulowanishwa maji kila siku. Ubaridi wa chungu huilinda na joto.

Nije kwa macho. Huko Nakuru wataalamu waliwapima watu wenye umri wa miaka 50 na zaidi katika mwaka 2007 na 2008, wakaona kwamba chanzo kikubwa cha upofu ni mtoto wa jicho. Huu ni ule ukungu mweupe unaotanda katika mboni, ukawa kama kioo cha dirisha la jikoni. Hakuna dawa ya matone iuondoayo, wala majani, wala maziwa ya mama. Wauzao matone ya kuuyeyusha mtoto wa jicho sokoni hula fedha zako bure. Unaondolewa kwa operesheni. Daktari hutia ganzi, hutoa ile lenzi iliyochafuka na kutia nyingine ndogo ya kutengenezwa, na mara nyingi mgonjwa hurudi nyumbani siku ile ile au kesho yake. Kazi hiyo yafanywa Kitale katika kitengo cha macho cha hospitali ya kaunti, na iko hospitali ya macho ya Sabatia, kaunti ya Vihiga, ijulikanayo na watu wengi wa magharibi. Mara kwa mara hutangazwa kambi za macho, na tangazo husomwa kanisani. Asiyekwenda kanisani na aulize.

Nimeona kukhu mmoja aliyekaa miaka minne akipapasa kuta, akilishwa, akiongozwa chooni kwa kamba. Baada ya bandeji kufunguliwa, jambo la kwanza alilolisema lilikuwa kuuliza ni nani aliyepanda migomba karibu hivyo na nyumba. Miaka minne ile haikuwa ya uzee. Ilikuwa ya kungoja bure.

Lakini mtu asichanganye ugonjwa huo na presha ya macho, ambayo ni nyingine. Hiyo huiba nuru kutoka pembeni kuja katikati, bila maumivu kwa walio wengi, na nuru iliyokwisha kuibwa hairudi. Kilichobaki huweza kulindwa kwa matone ya kila siku au kwa operesheni. Huandama ukoo, kwa hiyo kama baba alipofuka hivyo, wana wapimwe.

Habari ya haja ndogo wazee wa kiume huificha kama siri ya jando. Tezi iliyo chini ya kibofu hukua kwa umri, njia ya mkojo ikabanwa. Mara nyingi si saratani, lakini mara nyingine ni saratani, na mtu hawezi kujua kwa kukaa kimya. Asimame mbele ya daktari aseme. Mkojo ukikatika kabisa usingoje hata masaa ya kulala.

Na kuanguka nako. Mfupa wa nyonga ukivunjika kwa mtu wa miaka 80, wengi hawainuki tena. Wengi huanguka usiku njiani kwenda choo kilicho nyuma ya boma. Tochi chini ya mto, mti wa kushikia uliopigiliwa chooni, na ndoo yenye kifuniko chumbani kwa usiku wa mvua. Gharama yake ni ndogo kuliko ya jogoo mmoja.

Sasa nafika kwenye jambo zito. Wako wazee ambao ugonjwa wao ni wa akili kusahau. Si kusahau alipoweka miwani, maana hilo hata mimi hunipata, bali kusahau njia ya kurudi nyumbani kutoka kisimani alikoteka maji miaka 50, kumwita mwanawe kwa jina la kaka yake aliyekufa, kutembea nje usiku wa manane. Huu ni ugonjwa wa ubongo. Hauna dawa ya kuuponya hata sasa, lakini daktari aweza kutafuta sababu nyingine zinazofanana nao na ambazo hutibika, na nyumba yaweza kujua namna ya kukaa naye: nyuso zile zile, saa zile zile, lango lifungwe, asigombezwe. Tuseme kweli, wako watu wakimwona mama mzee nje usiku hawasemi ni mgonjwa, husema ni mchawi. Mnamo Oktoba 2021 huko Marani, Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati kwa kusingiziwa uchawi. Tusidhani Kisii ni mbali.

Tena kuna shamba. Mzee anayesahau ana kidole gumba bado, na wako wajanja wakijuao kidole hicho. Shamba la kilimo haliuzwi kihalali bila idhini ya bodi ya ardhi, na mke ana haki ya kuulizwa. Lakini kesi hupelekwa mahakamani baada ya uzio kwisha kung'olewa. Familia ikiona dalili za kwanza, na ikae na mzee angali ana siku njema, aseme matakwa yake mbele ya mashahidi na mambo yaandikwe. Wengine huona kufanya hivyo ni kumtakia kifo. Mimi naona ni kumpa heshima ya kusema mwenyewe.

Najua utauliza, fedha zitoke wapi? Ni swali la haki, wala sitalijibu kwa maneno matamu. Zahanati nyingine hukosa dawa kwa wiki kadha, mzee akarudi na karatasi tupu, na hilo si kosa lake. Lakini yapo mambo yaliyo mikononi mwetu. Tangu Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii waligawiwa mikoba yenye mashine ya presha na ya sukari, nao hupita nyumba kwa nyumba. Kama wako hajafika, mwulizie kwa mzee wa mtaa. Bima ya afya ya SHA ilichukua mahali pa NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Kila mtu na ajiandikishe, maana aliyejiandikisha hupata huduma za kwanza katika zahanati na vituo vya afya vya serikali bila ada. Ile ya hospitali kubwa huhitaji mchango, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, ambazo mkulima hutakiwa kulipa za mwaka mzima pamoja. Basi zitengwe siku mahindi yanapouzwa, si Machi wakati kila shilingi imekwenda katika mbegu.

Na nitasema lile ambalo wengi tunalijua na hatulisemi. Mzee akifa, sisi watu wa huku tunaweza. Kamati hukaa, michango hupita, hema hukodiwa, ng'ombe huchinjwa wawili, na picha yake hubandikwa kwenye gari. Mwezi mmoja kabla, mzee yule yule alikosa nauli ya kwenda kuchukua vidonge. Sisemi tuwazike watu wetu bila heshima. Nasema ng'ombe mmoja wa wale wawili angemtunza mzee miaka kadha akiwa hai. Kila boma lenye mzee lichague ng'ombe mmoja, au debe moja katika kila magunia kumi, liwe lake. Tena wana wa kiume wasimwachie mke wa mdogo wao peke yake kazi ya kumpeleka kliniki. Siku ya kliniki iandikwe ukutani karibu na siku ya kuogesha.

Yule mzee wa Tongaren hurudi ofisini mara kwa mara, na mkono umepata nguvu kidogo. Katika daftari lake, chini ya ng'ombe wa mwisho, amepiga mistari na kuandika jina lake mwenyewe, akatia tarehe, kipimo, na alama kwa kila kidonge. Mwezi uliopita alinionyesha: 138 juu ya 84. Tarehe 14 palikuwa patupu. Nilipomwuliza, alisema siku hiyo alikwenda mazishini Kimilili, akavisahau nyumbani.